Tone Moja Jichoni: Historia ya Chanjo ya Mdondo Hadi Milima ya Uluguru

Chanjo ya mdondo ilikuwepo duniani tangu miaka ya 1940. Hata hivyo, kwa nusu karne baada ya hapo, kuku wa kienyeji katika vijiji kama Mkuyuni waliendelea kufa kila kiangazi kana kwamba hakuna aliyewahi kuigundua. Historia hii inaeleza nusu karne hiyo ilipotea wapi na nani waliirudisha. Sehemu yake kubwa ilifanyika maabara, huko Australia, Temeke na Morogoro, lakini kipimo chake tangu mwanzo hadi mwisho ni kuku anayelala jikoni kwa bibi, juu ya mlima, mahali pasipo na jokofu.

Mkuyuni iko mashariki ya Uluguru. Ukitoka mjini Morogoro unapita Bigwa, unapanda na kushuka hadi Kiroka, kisha Mkuyuni, na barabara inaendelea Matombo na Mvuha kuelekea Kisaki. Upande huu wa milima unapokea mawingu ya Bahari ya Hindi moja kwa moja, kwa hiyo ni upande wa mvua na wa kijani: ndizi, mananasi, machungwa, mafenesi, mihogo, na mpunga mabondeni. Ng'ombe ni wachache. Miteremko ni mikali na malisho ni haba. Mfugo unaoukuta karibu kila mji ni kuku.

Kuku huyo hafugwi kama wanavyofuga watu wa mjini. Asubuhi mlango ukifunguliwa anatoka, anajitafutia wadudu na punje chini ya migomba, na magharibi anarudi mwenyewe. Chakula chake ni kidogo kinachomwagwa uani. Kwa kumtazama juu juu mtu atasema hana gharama, na kwa hiyo hana thamani. Lakini kwake ndiko inakotoka sare ya mtoto mwezi wa kwanza, nauli ya kwenda hospitali, kitoweo cha mgeni, na ada ya mganga. Tena, kati ya mali zote za nyumba, kuku ndiye ambaye mara nyingi mwanamke humuuza bila kuomba ruhusa. Kwa Waluguru, ambao kwao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, mwanamke ana sauti kuliko sehemu nyingi za nchi. Lakini hata huku fedha ya mazao makubwa hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwake. Fedha ya tetea hufika yote.

Ndiyo maana mdondo unauma.

Unakuja zaidi miezi ya kiangazi, kuelekea mwisho wa mwaka, kabla mvua hazijatulia. Kuku mmoja anaonekana amezubaa, ameshusha mabawa, manyoya yamesimama. Kesho yake anaharisha kinyesi cha kijani, anahema mdomo wazi, mwingine anapinda shingo na kuzunguka mahali pamoja. Siku ya tatu unaokota mizoga. Virusi vikali vikiingia katika kundi ambalo halijawahi kuvikuta, wanaweza kufa tisa kati ya kumi, na wakati mwingine hasalii hata mmoja. Jirani akiona hivyo huwakimbiza wake sokoni kabla hawajaanza kuugua, na kwa kufanya hivyo ugonjwa hupanda gari na kwenda kijiji kingine. Pengine watu huuita kideri, pengine mdondo. Kuku walivyodondoka hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Wanasayansi waliutambua ugonjwa huu mwaka 1926, karibu wakati mmoja katika pembe mbili za dunia: kisiwani Java, na karibu na mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza. T. M. Doyle, daktari wa mifugo aliyeuchunguza Uingereza, aliupa jina la mji huo, na hadi leo vitabu vinauita ugonjwa wa Newcastle. Katika miaka ya 1930 uliripotiwa Kenya. Ulisambaa kwa njia za biashara, kwenye meli, kwenye reli na katika matenga ya kuku.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, wafugaji wakubwa wa Marekani walikuwa wanapoteza fedha nyingi kwa ugonjwa huu, kwa hiyo dawa ilitafutwa kwa nguvu. Hazikupita siku nyingi watafiti wakapata virusi vya mdondo ambavyo kwa asili ni vipole: vinaingia ndani ya kuku, vinazaliana, haviui, na vinauachia mwili kumbukumbu ya adui. Kimoja kiliitwa B1, kingine La Sota, kwa jina la mwenye shamba la New Jersey kilikopatikana. Hivyo viwili vimekinga mabilioni ya kuku wa mabandani duniani, na bado vinatumika. Kwa kuwa virusi vyote vya mdondo, vikali na vipole, ni vya kundi moja machoni pa kinga ya mwili, chanjo ya zama za babu zetu haijaacha kumkinga kuku asife kwa virusi vya leo.

Basi kwa nini haikufika Mkuyuni?

Kwanza, joto. Chanjo hizo ni virusi hai, na lazima vibaki hai mpaka vimwingie kuku. Vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu vinapotoka kiwandani. Jokofu likizimika au barafu ikiyeyuka, kinachobaki kwenye kichupa ni maji. Ubaya wake ni kwamba chanjo iliyokufa haionekani kwa macho: mtu ananunua, anachanja, anatulia, halafu kuku wanakufa na imani inakufa nao. Pili, kipimo. Kichupa kimoja kilitengenezwa kwa ajili ya kuku 500 au 1000 wa banda moja, wa umri mmoja, wanaokunywa maji ya chombo kimoja. Mji wa mlimani una kuku saba, tetea wawili wakiwa na vifaranga, na maji wanayokunywa ni ya mfereji. Chanjo ilikuwepo, ila ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kuku mwingine na mfugaji mwingine.

Hapo naona inafaa kusimama kidogo tuangalie Afrika Mashariki ilikuwa inafanya nini wakati huo, maana hatukuwa watu wa kukaa tukisubiri. Eneo hili lina historia ya heshima katika chanjo za mifugo. Sotoka, iliyofyeka ng'ombe na kuwaangamiza wafugaji mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilipata chanjo yake bora huko Muguga nje ya Nairobi, ambako Walter Plowright na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, walikuza kirusi cha sotoka kwenye chembe hai za figo ya ndama hadi kikapoteza ukali. Nayo ilihitaji baridi, na kwa sababu hiyo haikuwafikia wafugaji wa mbali kabisa. Ilipopatikana aina iliyoweza kustahimili wiki kadhaa bila jokofu, karibu mwaka 1990, wachanjaji waliibeba kwa miguu na kwa ngamia hadi Pembe ya Afrika. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetoweka duniani. Ni ugonjwa wa pili kufutwa baada ya ndui ya binadamu.

Lakini hiyo ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na wizara, alikuwa na kodi, alikuwa na mnada na mwanamume anayemhesabu. Fedha za utafiti zilimfuata. Kuku wa kienyeji alibaki nje ya vitabu vya serikali ya kikoloni, na kwa muda mrefu akabaki nje ya vitabu vya serikali iliyofuata. Sioni sababu ya kulipamba jambo hili: mnyama wa mwanamke hakuhesabiwa, na asiyehesabiwa hatafutiwi chanjo.

Mjini Morogoro, chini ya milima hiyo hiyo, taasisi ambayo ingekuja kumhesabu ilikuwa inajengwa taratibu. Mwaka 1965 kilianzishwa chuo cha kilimo cha ngazi ya diploma. Mwaka 1970 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1976 kikaongezwa tiba ya mifugo. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli, alifariki katika ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo kitivo kile kikawa chuo kikuu kamili, nacho kikapewa jina lake. Ndicho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA tunayoijua.

Katika kitivo cha tiba ya mifugo walikuwepo watu walioona kwamba kuku wa kienyeji anastahili somo lake mwenyewe. Profesa Uswege Minga alikuwa mmoja wa waliolishikilia jambo hilo mapema, na katika miaka ya 1990 mradi uliofadhiliwa na Denmark ulisomesha vijana wengi wa shahada za juu juu ya afya ya kuku wa vijijini: minyoo yao, bakteria wao, mdondo wao, vifo vya vifaranga vyao. Walipita vijijini Morogoro wakinunua kuku, wakiwapasua, wakiandika. Kazi ya namna hiyo haina sherehe. Ila bila hiyo hakuna ambaye angeweza kusema kwa ushahidi kwamba kati ya magonjwa yote, mdondo ndio mlango wa kuanza nao, kwa sababu ukiufunga huo ndipo faida ya kutoa minyoo, kujenga banda au kuongeza chakula inapoonekana. Kabla ya hapo, unalisha kuku vizuri mwaka mzima, kisha Oktoba inawachukua wote.

Wakati huo jibu la tatizo la joto lilikuwa linapikwa Australia.

Nchi hiyo ilikuwa na bahati ya ajabu: kwa miongo mingi haikuwa na mdondo mkali, lakini kuku wake walibeba virusi vipole visivyo na madhara yoyote. Mwaka 1966, huko Queensland, kilipatikana kimojawapo kilichoitwa V4. Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Brisbane, aliona kwamba V4 kina sifa nyingine isiyotafutwa na wafugaji wakubwa: kinastahimili joto. Ukiweka virusi hivyo kwenye nyuzi 56, vingi vinakufa, vichache vinabaki. Chukua hivyo vichache, vikuze ndani ya mayai, vipashe moto tena. Ukirudia unapata kizazi kigumu. Katika miaka ya 1980, kwa fedha za shirika la Australia la utafiti wa kilimo wa kimataifa, ACIAR, Spradbrow na wenzake wa chuo kikuu cha kilimo cha Malaysia waliijaribu chanjo hiyo kwa kuku wa vijijini Asia.

V4 ikaingia mikononi mwa kampuni, na ikawa na bei. Spradbrow angeweza kuridhika. Kazi yake ilikuwa imefanikiwa kwa kipimo cha chuo kikuu chochote. Badala yake alirudi maabara kutafuta kirusi kingine ambacho kisingekuwa mali ya mtu. Yeye na Zoe Bensink walipitia aina 45 za virusi vipole kutoka kwa kuku wa Australia, wakipima usalama wake, uwezo wake wa kuamsha kinga, na namna vinavyosambaa kutoka kuku hadi kuku. Vilivyofanya vizuri vikapimwa kwa joto. Kilichochaguliwa kikaitwa I-2. Kikakuzwa katika mayai ya kuku wasio na magonjwa, ikapatikana mbegu mama, na mbegu hiyo ikatolewa bure kwa maabara za serikali za nchi maskini zilizotaka kujitengenezea chanjo.

Uamuzi huo wa kutoa bure ndio kiungo cha historia hii yote. Bila huo, hadithi ingeishia Brisbane.

I-2 ilifika maabara ya Temeke, Dar es Salaam, iliyokuwa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo. Huko Philemon Wambura, aliyekuja kuwa profesa wa SUA, pamoja na wenzake Kapaga na Hyera, waliijaribu kwa kuku wa biashara na kwa kuku wa kijijini, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Swali lao lilikuwa la lazima: kirusi kipole cha Brisbane kitamkinga kuku wa Tanzania dhidi ya mdondo wa Tanzania? Kilimkinga.

Inafaa kuona kwa karibu walivyolijua hilo, kwa sababu ni kazi ya mikono. Wiki chache baada ya kuchanja unamshika kuku, unafungua bawa, unatoa damu kidogo kwenye mshipa unaoonekana chini ya ngozi, unaiacha igande na majimaji yake yajitenge. Mezani una sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Unaweka majimaji hayo kwenye kishimo cha kwanza, unayazimua nusu kwa nusu hadi kishimo cha mwisho cha mstari. Unaongeza virusi. Unaongeza chembechembe nyekundu za damu ya kuku. Kisha unangoja chini ya saa moja. Kwa kawaida virusi vya mdondo hunasa chembechembe hizo na kuzifunga pamoja, zikatanda kama utando mwekundu. Kama kuku ana kingamwili, virusi vinashikwa kwanza, na chembechembe zinazama chini zikawa kitone kimoja chekundu. Ukiinamisha sahani kitone hicho kinachuruzika. Unahesabu vishimo. Vikifika vitatu au zaidi, kuku huyo anahesabiwa kuwa amekingwa. Hakuna mashine ya gharama kubwa, na mwanafunzi wa Morogoro anaweza kuisoma kwa jicho lake.

Kiwanda chenyewe ni yai. Yai lililotagwa na kuku asiye na ugonjwa, lililoatamiwa siku tisa au kumi, linatobolewa kitundu kidogo juu, linadungwa mbegu, linazibwa na kurudishwa kwenye joto. Siku chache baadaye linapoozwa, linafunguliwa, na majimaji yaliyozunguka kiinitete yanavunwa yakiwa yamejaa virusi. Yakikaushwa kwa kugandishwa na kuwekwa mbali na mwanga, I-2 hudumu wiki nane kwenye nyuzi 28. Wiki nane! Afisa mifugo anaweza kuichukua mjini, akapanda nayo basi hadi Mkuyuni, akaifunga kwenye kitambaa kibichi ipate ubaridi, akatembea nayo vitongojini, na ikabaki hai.

Chanjo iliyotengenezwa Temeke ilipewa jina la TEMEVAC. Kati ya mwaka 2002 na 2005, mradi uliofadhiliwa na Australia katika Tanzania, Malawi na Msumbiji, ukitumia uzoefu ambao daktari wa mifugo Robyn Alders alikuwa ameupata Msumbiji, uliweka utaratibu ambao wafugaji wengi wanaujua sasa: tone moja kwenye jicho moja, awe kifaranga wa juzi au jogoo wa miaka mitatu, kurudia kila baada ya miezi minne. Januari, Mei, Septemba. Septemba ndiyo isiyosameheka, maana ndiyo inayotangulia msimu wa mdondo.

Kwa nini jichoni? Wataalamu walitamani sana njia rahisi zaidi. Ingekuwa kuchanganya chanjo na chakula na kuwamwagia uani, kazi ingekwisha kwa dakika tano. Ilijaribiwa katika nchi nyingi. Wambura mwenyewe alichapisha mwaka 2007 utafiti wa kuweka I-2 kwenye mchele uliopakwa mafuta. Tatizo ni kwamba nafaka nyingi mbichi zina vitu vinavyoua virusi, na hata pale zisipoua, jogoo mwenye mabavu anakula sehemu ya watatu na kifaranga hapati kitu. Tone la jichoni linaingia hadi kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, linaamsha kinga pale pale ambapo mdondo huanzia, na mchanjaji ana hakika kuku gani amepata na yupi hajapata.

Lakini sasa lazima umkamate kuku. Kuku wa Uluguru anayelala juu ya mti au darini kwa jikoni hakamatwi saa nne asubuhi. Kazi inafanyika alfajiri kabla ya mlango kufunguliwa, au wamefungiwa ndani tangu jana kwa makubaliano. Mmoja anashika, amelaza kichwa cha kuku upande, mwingine anatonesha, wanangoja kuku apepese jicho, ndipo wanamwachia. Kuku saba, miji arobaini, mteremko mmoja. Mchanjaji ni mwanakijiji aliyefundishwa, mara nyingi mwanamke, kwa sababu anaweza kubisha hodi jikoni kwa mwenzake saa kumi na moja alfajiri bila kuleta maneno.

Hapo sayansi inakutana na jambo ambalo haliwezi kupimwa kwenye vishimo 96. Watu wa upande huu wa milima wana kumbukumbu ya wataalamu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kwa amri na faini. Mahali pengi udongo mzuri ulifukiwa na udongo mbaya ukaja juu. Mwaka 1955 watu waligoma, Matombo pakawa na ghasia na polisi wakafyatua risasi, na mpango ukaachwa. Mtaalamu anayefika leo na kichupa, hata kama ni Mluguru wa ukoo wa pale pale, anafuata njia iliyowahi kupitwa na watu waliokuja kuamuru. Chanjo ya lazima ingefika hadi Kiroka na kuishia hapo.

Kwa hiyo wale waliofanikiwa walijifunza kusema ukweli wote kabla ya tone la kwanza: kwamba chanjo haiponyi kuku ambaye tayari anaumwa, kwamba ukimchanja siku mbili kabla hajaonyesha dalili atakufa vilevile, na si chanjo iliyomuua, kwamba inakinga mdondo peke yake, haikingi ndui wala homa ya matumbo wala kicheche. Kijiji ambacho hakikuambiwa hivyo mapema, kilichanjwa wakati ugonjwa umeshaingia, kikaona mizoga, na mwaka uliofuata kikafunga milango. Mradi mwingine wa ACIAR, ulioanza 2014 wilayani Manyoni kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sydney, SUA na maabara ya mifugo ya taifa, ulikwenda mbali zaidi ya kuhesabu kuku waliopona: uliuliza kama mtoto katika nyumba yenye kuku waliochanjwa anakula yai, na kama anakua. Naliona hilo kuwa swali sahihi, na ni swali ambalo katika miaka ya 1940, chanjo ilipopatikana, hakuna aliyeliuliza.

SUA haikuishia kwenye chanjo ya mtu mwingine. Watafiti wake, wakiongozwa na Peter Msoffe mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwaainisha kuku wa kienyeji wa Tanzania kwa umbo na asili: Kuchi mrefu wa mapigano, Ching'wekwe mfupi wa miguu, na yule waliyempa jina la mkoa wenyewe, kuku wa Morogoro wa umbo la kati. Kuanzia 2013, wakiwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis na wa Ghana, waliwakutanisha kuku wa makundi hayo na mdondo ili kuona kama katika vinasaba vyao kuna wanaostahimili kuliko wengine. Kila bibi mlimani anaweza kukuonyesha uzao ambao ulibaki mwaka ule wengine walipokufa wote. Sasa maneno hayo yanapimwa. Wambura naye alitengeneza chanjo inayolenga magonjwa matatu ya kuku kwa pamoja, mdondo ukiwemo, ikaitwa Tatu Moja. Mtu aliyewahi kukamata kuku mmoja mara tatu alfajiri ataelewa haraka faida yake.

Chuoni hapo hapo kuna kituo cha SACIDS, kilichoanzishwa 2008, kinachounganisha madaktari wa watu na wa mifugo kufuatilia magonjwa ya kuambukiza. Kazi ya kutengeneza chanjo ya taifa imehamia kwa wakala wa maabara za mifugo, TVLA, ulioanzishwa 2012, wenye kiwanda Kibaha. Mtu wa Morogoro anaweza kusema kwamba njia ya chanjo sasa yote iko ndani ya nchi: mbegu, yai, maabara ya kupima, chuo cha kufundisha.

Kilichobaki kigumu ni hesabu ya mwisho kabisa, ya kitongojini. Kichupa cha chanjo kikishachanganywa hakikai. Kina matone ya mamia ya kuku, na hakuna mji wenye mamia ya kuku. Wenye miji lazima wakubaliane siku, wachange fedha ya tone kwa kila kuku, na mchanjaji apate chake, la sivyo mwezi wa tano hatakuja. Bei ya tone ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya jogoo, lakini inadaiwa Septemba, wakati mahindi yameanza kupungua ghalani na kuku wote uani wanaonekana wazima.